Bwana Asifiwe ya Mama

Kama hujawahi kuona mamangu akitafsiri kanisani, umekosa sana. Yaani mgeni akirusha mkono, Mama anarusha. Akipiga kelele, Mama anapiga. Akiteremsha sauti, Mama naye anainama hapo kando yake, leso imefungwa kiunoni, ananong'oneza kwa Kikamba mpaka watu wa nyuma wanasogea mbele ya benchi ndio wasikie. Hapa Tawa, mgeni akija kuhubiri kwa Kizungu, hakuna kutafuta mtu. Ni Syombua tu, Mama Yvonne. Yvonne ndio mimi.

Kitu wageni hawajui ni kwamba Mama aliachia shule darasa la nane. Kizungu aliokota. Aliokota Kitui, kwa nyumba ya mwalimu mmoja, alifanya kazi hapo miaka nne akiosha vyombo na redio ikiongea. Aliokota kwa magazeti ya kufungia nyama. Siku hizi anaokota kwa simu, kama mimi tu. Ni fundi wa nguo, cherehani yake iko kwa veranda ya duka hapo sokoni, na kwa droo ya hiyo cherehani, chini ya vifungo na bobini, kuna exercise book ya page tisini na sita. Hiyo book hakuna mtu alikuwa anaijua isipokuwa mimi.

Iko hivi. Mama akitafsiri, anashika Biblia na mkono moja na biro na ile ingine. Neno ikimshinda, anaiandika haraka kwa kiganja. Jumatatu anakaa kwa cherehani, anaitafuta kwa simu, anaiweka kwa book na maana yake. Nimeisoma yote, usimwambie. "Over the moon: furaha kubwa, hakuna mtu ameenda mwezini." "Under the weather: mgonjwa kidogo, hata kama jua inawaka." "On the house: bure." "Out of the blue: ghafla, bila kutuma habari." Na ile inanimaliza, "at the end of the day." Miaka tatu Mama alikuwa anasema hiyo ni jioni. Jioni, Mungu ni mwaminifu. Jioni, mwenye dhambi atajua hajui. Wazee walikuwa wanaondoka kanisani wakijiuliza na asubuhi je.

Lakini Jumatatu ni Jumatatu. Jumapili yenyewe, watu mia mbili wanakuangalia, neno imekataa, unafanya nini? Mama alipata dawa. Anainua Biblia juu, anasema, "Bwana asifiwe!" Kanisa yote, "Amen!" Ndani ya hiyo Amen kuna kama sekunde tatu. Mama anaangalia uso ya mhubiri. Imefurahi? Anaweka kitu ya furaha. Imekasirika? Anaweka dhambi. Anaendelea. Watu wanaenda nyumbani wameshiba, na hakuna mtu alishawahi kuumia.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, kukaja kambi ya madaktari hapo kanisani, wakapiga hema kwa uwanja. Siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi. Mimi nilikuwa shule Kitui, sikuona kitu. Hii yote nimeikusanya kwa voice note za Mama, kwa Nyamai wa boda boda, na kwa mtu mwenye mguu mwenyewe, kwa hivyo mahali nimekosea muulize yeye.

Pastor Muindi alikuja kwa veranda kumwambia Mama atafsirie daktari.

"Pastor, hiyo ya hospitali ni ingine," Mama akasema.

"Kizungu si ni Kizungu? Wewe hujawahi kushindwa."

Ungemjibu nini? Mama akakubali. Alitafuta maneno ya magonjwa kwa simu mpaka bundles ikaisha: presha, figo, kibofu. Alijaza page sita. Jumanne asubuhi alienda na book yote ndani ya kichwa.

Daktari alikuwa anaitwa Ladan. Dada wa Kisomali, mdogo tu, familia yake ni ya Garissa lakini amekulia ng'ambo, kwa hivyo Kiswahili yake ilikuwa "asante" na "pole sana" na imeisha. Mtu mzuri, ati alikuwa anawashika wazee mkono na mikono yote mbili. Lakini Kizungu yake ilikuwa inatoka kama uzi ikiruka kwa bobini. Na haikuwa ile ya figo na kibofu. Ilikuwa ile ya droo. Kila mgonjwa, neno tatu nne za kuzunguka.

Jumanne ilipita. Mama alisema Bwana asifiwe mara kumi na moja. Alihesabu mwenyewe, na haikumfurahisha.

Jumatano kitu saa nne akaingia Mzee Ndululu.

Huyu mzee anatoka juu Mbooni, ni wa kanisa yetu, anateremka kila Jumapili na fimbo na koti moja ya kijivu. Ana sukari. Alikuwa amevaa akala, ile ya tairi, mguu moja, na ile ingine ameifunga na kitambaa. Daktari alifungua kitambaa, na Mama anasema harufu ilifika kwake kabla ya kitu kingine. Kidole mbili zilikuwa nyeusi.

Daktari Ladan akakaa chini kwa kiti ya Sunday school ndio awe sawa na yeye. Akamwangalia kwa macho. Akasema, polepole kwa mara ya kwanza tangu Jumanne: "I won't beat about the bush, Mzee. With this foot it's touch and go. We may be in the nick of time, but you cannot put it off." Akaongeza kwamba mengine yote ameandika kwa barua ya hospitali. Akamwangalia Mama.

Mama alikuwa ameskia mguu. Ameskia kuguza na kwenda. Ameskia kichaka. Alikuwa anaandika kwa kiganja na biro inateleza juu ya jasho. Nyuma ya Ndululu kulikuwa na laini ya watu arobaini, na Pastor Muindi amesimama kwa mlango ya hema akitabasamu, yule anasema hujawahi kushindwa. Na Ndululu anangoja, kofia kwa goti.

"Bwana asifiwe!" Mama akasema.

"Amen," watu wa laini wakajibu, hata wale hawakujua ni ya nini.

"Umau," Mama akamwambia, hivyo ndio tunaita mtu wa rika ya babu, "daktari anasema tumshukuru Mungu. Osha mguu na hii dawa. Na hii barua, ukipata nafasi, uipeleke hospitali huko Wote mjini."

Ukipata nafasi. Hiyo daktari hakusema, hata Mama anajua hakusema. Lakini kwetu, mtu wa umri ya Ndululu humwambii fanya. Unaweka "ukipata nafasi" hapo mwisho, kama vile unamwekea mgeni kitambaa kwa kiti. Ilitoka yenyewe. Ndululu akakunja barua mara nne, akaiweka kwa koti, akasema asante, akaenda. Mama akaita mwingine.

Saa kumi kambi ikafungwa ya hiyo siku. Mama akarudi kwa veranda, akanunua bundles ya mwisho, akafungua kiganja. Kulikuwa na mstari nyingi, zingine zimeyeyuka. Akaanza na ya kichaka. Kutozunguka, kusema ukweli vile iko. Sawa, akaandika. Akatafuta "put off." Kuahirisha. Akaandika. Akatafuta "in the nick of time." Dakika ya mwisho kabisa kabla kitu iharibike. Akaweka biro chini. Imebaki moja. Anasema alikaa na hiyo moja akiangalia watu wakipita na mizigo yao ya soko, hakutaka kuiandika kwa simu. Alafu akaiandika.

"Touch and go." Hatari. Inaweza kwenda vizuri, inaweza kwenda vibaya, hakuna mtu anajua. Mara nyingi inasemwa kwa mgonjwa.

Kwa voice note yake Mama hapo anarudia hiyo maana mara mbili. Nyuma unaskia kuku ya mtu.

Akapigia Ndululu. Mteja, yaani haipatikani. Huyo mzee simu yake inaamka siku akiteremka soko kuichaji. Na Mama akajua vizuri sana nafasi ya Ndululu ni nini. Ni maharagwe. Maharagwe ilikuwa inakauka shambani, mzee hangeenda mahali mpaka itolewe, ipigwe, iingie gunia. Hiyo ni wiki tatu. Na kesho saa sita madaktari wanafunga hema, gari yao inapitia Wote.

Sasa hii ndio sehemu Mama hataki niseme lakini ndio ya ukweli zaidi. Alifikiria kunyamaza. Mguu ikiharibika, watu watasema ni sukari. Hakuna mtu alijua Kizungu hapo ndani. Daktari ataenda. Pastor Muindi atabaki kusema hujawahi kushindwa. Alifunika cherehani. Akaketi tena. Akafikiria kuenda kwa daktari kwanza, alafu akaona hapana, deni hii si ya daktari. Akasimama, akaita Nyamai.

"Mbooni? Saa hii?" Nyamai akauliza. "Mama Yvonne, kuna msiba?"

"Bado."

Nyamai anasema njia yote Mama alikuwa nyuma yake akiomba kwa sauti, na hakuwa anaomba ile ya kanisa, alikuwa anarudia tu, "asiwe ameenda mbali, asiwe ameenda mbali," mpaka yeye mwenyewe akaanza kuendesha vibaya. Juu huko boda inakataa, unashuka. Mama alipanda ile njia ya mawe na viatu vya mjini, ameshika kiganja imefungwa ngumi ndio maandishi isifutike. Kwani ilikuwa ya nini tena, si ilikuwa kwa book? Nilimuuliza. Akasema hajui, alikuwa anaona ni kama ushahidi.

Jua ilikuwa bado iko. Alipata Ndululu ameketi nje na Ndila, bibi yake, wakichagua ovakado za kupeleka soko, mguu iko juu ya kreti.

"Ni Mama Yvonne!" Ndila akasema. "Karibu. Umepanda na hivyo viatu?"

Mama hakukaa. "Umau, nimekuja kukwambia nilikudanganya."

Ndululu akaguza ovakado, akaiweka kando. "Najua."

"Unajua nini? Hujui. Daktari hakusema vile nilisema. Sikuelewa, nikaweka yangu."

"Si nimesema najua? Wewe ukisema Bwana asifiwe na mhubiri hajasema, sisi wote tunajua umepotea. Miaka na miaka. Tunasema Amen ndio upate kupumua."

Mama hakuwa anaijua hiyo. Kanisa yote. Miaka hiyo yote akificha book kwa droo, na watu mia mbili wamemshikia ile Amen kama vile unashikia mtu mlango.

"Na kama ulijua," akamuuliza, "mbona hukuuliza mara ya pili?"

Mzee akachukua ovakado ingine. Ndila ndiye alijibu. "Juu alipenda venye ulisema. Amekuja hapa akiimba. Ati mama wa kanisa amesema nikipata nafasi."

"Wewe nyamaza, mwanamke."

"Sinyamazi. Mwezi mzima nanusa hiyo mguu. Nikimwambia twende, ananiambia mimi si daktari. Sasa daktari amesema, yeye anasema hakuambiwa kwa Kikamba."

"Niliona uso ya huyo msichana," Ndululu akasema, akiangalia mguu yake, si watu. "Hiyo uso haikuwa ya Bwana asifiwe. Ndugu yangu Mutie alienda hospitali na kidole. Akarudi bila mguu. Alafu hata huo mwaka hakumaliza. Kwa hivyo uliponipatia nafasi, nikachukua."

Mama akafungua ngumi. Jasho ilikuwa imekula nusu, lakini ilisomeka. Akamsomea moja moja, Kizungu kwanza, alafu maana.

"Hii ni kwamba hatazunguka, anakwambia ukweli."

"Na wewe ukazunguka."

"Nikazunguka. Hii ni kwamba hakuna kuahirisha. Hii, kwamba tuko dakika ya mwisho."

"Na hiyo ya chini?"

Alitaka sana kusema Bwana asifiwe. Anakiri. Ilikuwa hapa kwa ulimi, tamu. "Hiyo ni kwamba mguu inaweza kupona au isipone. Hata yeye hajui. Ni hatari, Umau."

Mbuzi ilikuja ikala ganda ya ovakado hapo kwa miguu yao.

"Maharagwe," Ndululu akasema mwisho.

Sasa hapa Mama alifanya kitu hajawahi kufanyia mtu wa umri hiyo. Hakuinama. Hakuweka kitambaa. "Kesho, saa moja asubuhi, Nyamai atakuwa hapo chini penye pikipiki inafika. Si ukipata nafasi. Kesho. Maharagwe tutatoa sisi, kanisa. Mimi nitatoa."

"Unaniamrisha kwa boma yangu?"

"Ndiyo."

Mzee akamwangalia Ndila. Ndila akawa anachagua ovakado kwa nguvu sana, kama ameajiriwa. "Mimi sijaskia kitu," akasema. "Lakini koti nitapiga pasi."

Mama aliteremka bila kujua kama atakuja. Mzee hakusema ndiyo. Alisema tu, "Enda kabla giza." Asubuhi saa moja Mama alikuwa amesimama kwa lango ya kanisa. Saa moja na nusu. Saa mbili. Hema ikajaa. Daktari Ladan akamwita ndani, akatafsiria mama wa presha, akatafsiria mtoto wa masikio, na kila pikipiki ikipita barabarani anakosa neno anaulizwa tena. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Vijana wakaanza kubeba viti kuweka kwa gari.

Karibu saa nne akaskia sauti ya Nyamai ikigombana na mtu. "Mzee, shika mimi, usishike kioo!" Ndululu alikuwa nyuma, koti imepigwa pasi, mguu imefungwa na leso mpya ya Ndila. Walichelewa juu alikataa kuondoka kabla ya kufungia mbuzi.

Daktari alimwona akafurahi na kuogopa pamoja. Akafungua leso, akaangalia, akasema haraka kitu ingine: "Well, Mzee, you're cutting it fine."

Mama akafungua mdomo. Pastor Muindi alikuwa hapo. Laini ilikuwa hapo. Ndululu alikuwa anamwangalia, na ati macho yake yalikuwa yanamwambia sema tu, nitasema Amen. Mama akainua kiganja, ile ya maandishi, kama askari akisimamisha lori.

"Doctor, sorry. I don't know that one. Please, small words, maneno ndogo ndogo."

Pastor Muindi akakohoa. Daktari akageuka rangi, akashika Mama mkono na mikono yote mbili, akauliza kama jana pia hakuelewa. Mama akasema ndiyo, jana pia, na Jumanne. Daktari akasema hiyo ni makosa yake, si ya Mama. Alafu akaanza upya na maneno ya mtoto wa nursery. Umekuja ikibaki kidogo tu uchelewe. Leo. Saa hii, na gari yetu. Watakata vidole viwili. Mguu inaweza kubaki. Inaweza. Siahidi.

Mama akazisema hivyo hivyo, moja moja, bila kuongeza hata chumvi. Ilimuuma kila moja.

"Sasa nimeskia," Ndululu akasema. Akavua kofia, akaomba apewe kiti ya mbele.

Na kabla gari iondoke, daktari na Mama walirudi kwa majina ya Jumanne na Jumatano, mmoja baada ya mwingine. Watu wanne waliitwa tena na simu. Mmoja alikuwa anakunywa dawa ya jioni asubuhi, hakuna kitu ilimfanyia, lakini Mama bado akimwona sokoni anavuka barabara kumuuliza ako aje.

Vidole vilienda viwili. Mguu ilibaki, wiki ya pili ikawa inatisha tena, Ndila alikuwa anapiga simu na Mama anaogopa kushika, alafu ikatulia. Maharagwe ilitolewa na kanisa. Mama alikata akala ya zamani ya mzee, akaishonea ngozi laini ndani na kipande ya sponji penye vidole havipo.

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani, na hii sasa niliiona na macho yangu. Mgeni ametoka Nairobi, suti ya bluu, anahubiri kwa Kizungu vizuri sana, Mama kando yake anarusha mkono. Jamaa akafika penye Waisraeli wamevuka bahari, akasema, "They made it by the skin of their teeth!"

Mama akasimama. Biblia haikupanda. Akageuka kwake, na maiki bado iko hapo, akamuuliza kwa Kiswahili, "Pastor, hiyo sijui. Inamaanisha nini?"

Nilikuwa nataka kuingia chini ya benchi. Mgeni ameshika tai yake, hajawahi kuulizwa swali katikati ya bahari. Sekunde moja, mbili.

"Bwana asifiwe!" Ilikuwa Ndululu, fimbo juu, akala yake imenyooshwa kwa njia ya katikati.

"Amen!" tukapiga sote, na ilikuwa ndefu, tuliivuta makusudi, mpaka mgeni akapata maneno.

"Ni kuponea," akasema. "Kuponea chupuchupu. Kidogo tu wangeshikwa."

Mama hakuandika kwa kiganja. Aliangalia ile akala hapo katikati, akakohoa ndio sauti yake ikae sawa, alafu akatuambia kwa Kikamba.